Mabamba Yanayolishana Sauti: Shajara ya Mradi

Januari

Waandaaji wa tamasha wamelikubali pendekezo letu. Tutatundika mabamba sita ya chuma kwenye ukumbi mdogo ulio ubavuni mwa jukwaa kuu, na kila bamba litamlisha mwenzake sauti. Spika za kawaida hazitakuwepo. Mgongoni mwa kila bamba kuna kitetemeshi kimoja, yaani spika iliyonyang'anywa koni ikabaki na koili na sumaku tu. Ukikibandika kwenye kitu kigumu, kitu hicho ndicho kinachotoa sauti. Kila bamba lina pia maikrofoni moja ya piezo, ile isiyosikia hewa bali mtikisiko wa chuma chenyewe. Maikrofoni ya bamba la kwanza inapeleka kwenye kitetemeshi cha la pili, la pili kwa la tatu, hadi la sita linarudisha kwa la kwanza. Hatutumii rekodi wala noti zilizoandikwa. Mzunguko ukipata nguvu ya kutosha utaanza kuimba wenyewe.

Anayeijua fani hii atamtaja David Tudor, mwanamuziki wa majaribio wa Marekani, kabla sijamaliza sentensi, na ana haki. Mwaka 1968 Tudor alitumia vitu vilivyotetemeshwa kama vipaza sauti kwa ajili ya dansi ya Merce Cunningham, na kufikia 1973 wazo hilo lilikuwa limekua likawa ukumbi mzima wa vitu vinavyoning'inia, watu wakipita katikati yake na kuvisogelea kwa sikio. Tofauti yetu ni kwamba kwake wapigaji waliviingizia vitu vile sauti walizozitayarisha. Sisi hatuingizi chochote. Nimeandika kwenye pendekezo, kwa kujiamini sana: "Hakuna sauti itakayoingia kutoka nje ya mabamba."

Swali la kwanza la waandaaji lilikuwa la fomu. Tamasha linachanganya muziki wa majaribio na sanaa ya kisasa, na mchanganyiko huo unaanza kusumbua kwenye makaratasi kabla haujafika ukumbini. Mtu wa muziki anauliza, "Inaanza saa ngapi?" Mtu wa sanaa anauliza, "Iko chumba gani?" Kazi yetu haina mwanzo wala mwisho, lakini si ya kutupia jicho ukaendelea na safari. Tuliomba tuandikwe pande zote mbili, wakasema tuchague. Tumechagua maonyesho, kwa sababu yanatupa ukumbi siku zote nne, ilhali jukwaa lingetupa dakika 40.

Hasara iko kwenye fedha. Upande wa muziki, anayepanda jukwaani hulipwa kwa kupanda. Upande wa maonyesho, mara nyingi bajeti ya vifaa ndiyo inayoitwa malipo, na msanii anaondoka na chuma. Huu ni ugonjwa wa fani nzima, si wa tamasha moja. Tumedai mistari miwili kwenye mkataba, mmoja wa vifaa na mwingine wa kazi ya mikono na vichwa vyetu. Wamekubali bila ugomvi.

Februari

Mabamba yamefika karakana: mita 2 kwa mita 1, unene milimita 1, chuma laini cha kawaida. Chuma kina takriban kilo 7,850 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo bamba moja ni karibu kilo 16 na yote sita ni kama kilo 94. Naandika hesabu hii kwa sababu ndiyo ya kwanza kuulizwa na msimamizi wa usalama, na ukiwa nayo mkononi kikao kinakuwa kifupi.

Tulipima unene mwingine pia. Wa nusu milimita unatoa kelele ya mvua juu ya bati, haraka na bila mkia. Wa milimita 2 una sauti tamu lakini ni mvivu. Kitetemeshi chetu cha wati 20 kinamsukuma kwa shida. Milimita 1 inatosha.

Jambo la kutundika lilitupeleka kwenye historia ya studio. Mwaka 1957 kampuni ya Kijerumani ya EMT ilitoa mashine ya mwangwi ambayo moyo wake ulikuwa bamba la chuma lililotundikwa kwa springi ndani ya fremu. Kwa miaka mingi, "ukumbi mkubwa" uliokuwa ukiusikia nyuma ya sauti ya mwimbaji kwenye rekodi ulikuwa bamba hilo. Siri yake ni kulishika padogo iwezekanavyo.

Fundi wetu wa chuma hakuhitaji historia hiyo. Aliliinua bamba kwa mikono miwili katikati ya ukingo, akanionyesha kwa kidevu nilipige, likatoa "tuk" na kunyamaza. Kisha akalitundika kwa pembe moja tu, likaning'inia kimshazari, akasema, "Sasa piga." Lililia hadi nikaacha kulisubiri limalize. "Bosi," akasema, "ukilibana katikati umeliua. Nipe pembe mbili za juu, basi." Amechimba tundu mbili kwa kila bamba, amezilainisha kingo, na waya za chuma zitapita ndani ya mipira ili chuma kisikwaruze chuma. Kila bamba lina waya wa tatu wa akiba uliolegea, usiobeba chochote mpaka siku moja ya zile mbili ikatike.

Machi

Mwezi wa mchanga. Mwaka 1787 Ernst Chladni, mwanafizikia wa Ujerumani, alichapisha michoro ya maumbo ambayo mchanga hujipanga juu ya bamba likitetemeshwa. Yeye alitumia upinde wa fidla kwenye ukingo, sisi tuna kitetemeshi na programu ya kutoa toni, lakini kazi ni ileile.

Tumelilaza bamba juu ya vipande vya sponji, tukanyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa, kisha tukapandisha toni polepole. Muda mrefu hakuna kinachotokea, mchanga unachezacheza papo hapo. Halafu, kwenye toni fulani, bamba zima linaitikia kwa nguvu ambayo hukuiomba, unaisikia kwenye meza na kwenye viwiko, na mchanga unatimua mbio. Sehemu kubwa zinabaki tupu, mistari inajichora. Pandisha kidogo tu, umbo linavunjika, mchanga unatangatanga. Pandisha tena, linakuja jingine lenye mistari mingi zaidi. Mchanga hukimbilia pale ambapo chuma kimetulia, kwa hiyo ile mistari mizuri ya kupiga picha ndiyo sehemu iliyokufa.

Hilo ndilo tulilolitaka. Kitetemeshi kikikaa juu ya mstari, toni hiyo haitatoka kamwe hata uongeze nguvu kiasi gani. Tumepiga picha kila umbo na kuzipandanisha kwenye kompyuta, ili tuone sehemu ambayo mistari inaipitia mara chache. Katikati kabisa ni mahali pabaya, ingawa ndipo mkono unapokimbilia, kwa sababu maumbo mengi yana mstari unaopita hapohapo. Tumeangukia sehemu iliyo kama mbili ya tano za urefu, ukisogea kando ya mstari wa kati wa upana. Maikrofoni ni rahisi zaidi: pembe ya chini iliyo huru hutikisika katika kila umbo, kwa hiyo inakaa jirani na pembe hiyo.

Mchanga bado tunauokota kwenye viatu.

Aprili

Mabamba yote sita yametundikwa karakana na mzunguko umefungwa kwa mara ya kwanza. Kanuni yake ni fupi. Sauti ikizunguka na kurudi ilipoanzia ikiwa na nguvu ileile au zaidi, na mawimbi yake yakiendana na yalivyoondoka, itaendelea kuishi. Ikirudi dhaifu, inakufa. Ni jambo lilelile linalofanya maiki ilie mbele ya spika, ambalo kila fundi sauti analipiga vita maisha yake yote. Sisi tunaishi humo makusudi, kwenye mpaka wenyewe.

Mwenzangu anayeandika programu ameweka kidhibiti kwa kila bamba, kinachozuia sauti isipande kupita kiwango tulichokiweka. Ameweka pia kichujio kinachokata kila kilicho chini ya hezi 80, yaani mitikisiko 80 kwa sekunde, kwa sababu besi ya chini inakipasha kitetemeshi moto bila kutupatia sauti ya maana. Kisha programu inabadilisha ucheleweshaji kati ya bamba na bamba kwa milisekunde chache. Badiliko hilo dogo linaamua toni ipi ishinde. Chuma kina toni nyingi zinazogombea nafasi. Ucheleweshaji ukihama, iliyokuwa inatawala inafifia na nyingine inapanda kutoka chini yake. Hapo ndipo nilipokaa kwenye kiti na kuacha kurekebisha vitu.

Suala la maandishi ya ukutani. Rasimu ya mwenzangu ilianza historia ya muziki wa aina hii, unaotengenezwa kwa sauti zilizorekodiwa, Paris mwaka 1948, na Mfaransa Pierre Schaeffer, kama vitabu vingi vinavyofanya. Nimeirudisha. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, mtunzi wa Misri, alikuwa Kairo na mashine ya kurekodi kwa waya aliyoiazima, akarekodi sherehe ya zar, ile ya kutuliza pepo, na kuichakata sauti ile kwa mwangwi wa chumba hadi maneno yakapotea ikabaki mitikisiko. Na ukitaka mfano wa chumba kinachochagua toni zake, yupo mtunzi wa Marekani Alvin Lucier mwaka 1969, aliyerekodi usemi wake, akauchezesha chumbani na kuurekodi tena, akarudia mpaka usemi ukayeyuka ikabaki milio ya chumba tu. Kazi yetu ni binamu ya hizo mbili kuliko ya Paris. Rasimu mpya ina aya moja tu, na hiyo inatosha; ukuta ukijaa maneno watu husoma badala ya kusikiliza.

Mei

Tumekwenda kuuona ukumbi. Urefu mita 12, upana 7, kimo 4. Ukuta mmoja mrefu unatenganisha ukumbi na jukwaa kuu, na ukuta huo ni mwepesi.

Tuliomba watupigie muziki upande wa pili kwa sauti watakayoitumia tamasha likianza. Sauti za juu zilibaki kulekule. Ngoma ya chini ilipita kana kwamba hakuna ukuta. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 50 lina urefu wa mita 6.9. Na ukumbi wenyewe, kutoka sakafu hadi dari ya mita 4, unaitikia karibu na hezi 43, jirani kabisa na ngoma ile. Chumba kinaipokea besi ya jirani kwa mikono miwili.

Mratibu wa maonyesho, kwa nia njema, alipendekeza tuweke sponji za ukutani. Sponji ya sentimita 5 inapunguza mwangwi wa sauti za juu. Wimbi la mita 6.9 haliioni. Kinachozuia besi ni uzito wa ukuta, na hata ukiuongeza uzito huo maradufu unapata punguzo la desibeli 6 hivi, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Hakuna anayejenga ukuta wa matofali kwa ajili ya siku nne.

Mabamba yetu yanaimba kwa desibeli 60 hivi ukiwa umbali wa hatua mbili. Jukwaa kuu litakuwa linakaribia 100. Tofauti ya desibeli 40 maana yake nguvu ya sauti ni mara 10,000. Jioni hiyo, njiani, hakuna aliyeongea sana.

Juni

Mwezi mzima ni vikao, na nina hakika sasa kwamba ndipo kazi ilipotengenezwa.

Jambo la kwanza ni masikio. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa kumbi za muziki, kilichotolewa 2022, kinataka wastani usizidi desibeli 100 kwa kipimo cha dakika 15. Tamasha linakifuata, na fundi sauti wao ana kipimo kinachoonekana kwake muda wote. Lakini hata ndani ya kiwango hicho, sikio lililokaa kwenye muziki mkubwa linatoka limechoka, na kwa saa kadhaa halisikii vitu vidogo kama kawaida. Ratiba ya awali ilitufungulia ukumbi saa mbili usiku hadi saa sita, eti watu wakitoka jukwaani waje kupumzika kwetu. Wangekuja na masikio ambayo hayana cha kupokea. Tumeomba tufunguliwe saa nane mchana, kabla ya ala yoyote kupigwa, na wametupa.

Jambo la pili ni usiku wenyewe. Mratibu hataki mlango uliofungwa wakati watu ni wengi, na simlaumu. Mlango uliofungwa kwenye tamasha husomeka kama kitu kilichoharibika. Hapo mwenzangu akasema neno moja lililopindua mradi: "Tusishindane nao. Tuwapokee." Tukishusha nguvu ya mzunguko chini ya mpaka, mabamba hayataimba yenyewe, lakini kitakachoyagusa kitarefuka ndani yake, kikizunguka bamba hadi bamba kabla ya kufa. Besi ya jirani itakapopita ukutani na kuyatikisa, kichujio kitaikata besi na kuachia toni za juu ambazo chuma kimezitoa kwa kutikiswa. Muziki wa jukwaa kuu utasikika ukumbini kwetu umegeuzwa chuma.

Kile nilichokiandika Januari, kwamba hakuna sauti kutoka nje, kinabaki kuwa kweli mchana tu. Usiku kazi ni nyingine, na nimeipenda zaidi.

Kilibaki kibali. Sauti ya mtu ni ya mtu, hata ikipita ukutani bila kualikwa. Tuliwaandikia wapigaji wote wa jukwaa kuu kupitia waandaaji. Wengi walikubali, wawili wakauliza kama wanaweza kuja kusikia, mmoja akakataa, bila maelezo wala haja ya maelezo. Wakati wake programu itazima mabamba yote, na karatasi mlangoni itasema ukumbi umepumzika mpaka saa fulani.

Tulibishana pia juu ya kibao cha nje. Mwenzangu hakutaka kibao chochote, akitoa mfano wa msanii wa sauti Max Neuhaus, aliyeweka sauti chini ya chanja za barabarani Times Square, New York, mwaka 1977 bila alama yoyote, ili mpita njia aikute mwenyewe. Mfano mzuri, hali tofauti. Sauti ile ilikaa hadi 1992, ikarudishwa 2002. Mtu asiyeisikia leo anaweza kuisikia mwaka ujao. Sisi tuna siku nne na mtu ana nafasi moja. Kibao kimewekwa, kidogo, chenye saa za mchana na saa za usiku.

Julai, ufungaji

Kufunga kumeenda vizuri. La kukumbuka ni gundi: mkanda wa pande mbili unaoshika kitetemeshi haupendi mafuta ya kiwandani yanayobaki kwenye chuma. Fundi alifuta kila sehemu kwa spiriti, akasugua kwa msasa laini, akafuta tena, ndipo akabandika. Hata hivyo bamba likiwa wima na kitetemeshi kikipata joto, mkanda hulegea na kifaa kuteremka kidogokidogo. Tumeongeza kamba nyembamba inayokibeba kutoka juu.

Msimamizi wa usalama alivuta kila waya kwa mkono, akaangalia njia ya mlango wa dharura, akasaini.

Julai, siku za tamasha

Mchana wa kwanza waliingia watu wachache, na walikaa. Hilo sikulitegemea. Kwenye maonyesho ya kawaida mtu humtazama mwenzake aone kama anaruhusiwa kuondoka. Hapa walizunguka taratibu, wakagundua kwamba ukisogeza kichwa kidogo toni inapotea na nyingine inatokea, kwa kuwa kila toni ina sehemu zake za kusikika na kunyamaza ndani ya chumba. Baada ya hapo walianza kutikisa vichwa kushoto na kulia, polepole, watu wazima kabisa.

Bamba la nne ndilo lililoruhusiwa kuguswa, na kuna alama sakafuni. Kidole kimoja ukingoni kinatosha kuua toni inayotawala. Mzunguko unayumba, kimya kifupi, kisha mabamba mengine matano yanaokota toni mpya. Mama mmoja wa makamo alimuuliza kijana wa kujitolea, "Anayepiga yuko wapi?"

"Yenyewe, mama. Shika hilo la nne usikie."

Alilishika, akaliachia haraka, akamwita mumewe kutoka mlangoni. Nilipopita baadaye walikuwa bado wapo, yeye ndiye anayewaelekeza wageni, na kijana amekaa.

Usiku mambo yalibadilika. Ukumbi ulijaa watu wenye glasi mikononi, wakiongea. Mazungumzo nayo yaliingia kwenye chuma, kwa sababu usiku mabamba hayachagui. Kicheko kikubwa karibu na bamba la pili kilirudi kutoka la tano kikiwa mlio mrefu. Wengine walinyamaza baada ya kulisikia hilo. Wengine walipiga kelele zaidi kwa makusudi, jambo ambalo tulilitarajia na kidhibiti kilifanya kazi yake. Kikundi kilichokuwa kinapiga besi mfululizo bila mapigo, sauti moja nzito ya karibu saa nzima, ndicho kilichotupa kilele: mabamba yote sita yalishikana kwenye toni moja ya juu, nyembamba, isiyokuwepo kabisa kwenye muziki wao. Mmoja wao alikuja baada ya kushuka jukwaani, akakuta imeshafifia. Tumemtumia rekodi.

Wakati wa yule aliyekataa, tulizima. Ukumbi ulibaki wazi, mabamba yakitikiswa na besi yake kwa sauti ndogo ambayo hatukuiongeza. Nadhani hilo bado ni ndani ya makubaliano; chuma kitatikisika hata ukikikataza. Tumemwandikia kumweleza hivyo hivyo.

Usiku wa tatu kitetemeshi cha bamba la kwanza kiliungua. Mzunguko wa sita ukikosa mmoja haufanyi kazi kabisa, lakini programu ilikuwa na njia ya kuruka bamba lolote, tukaendelea na matano. Sauti ilikuwa nyembamba kidogo. Hakuna mgeni aliyeuliza.

Agosti

Mabamba yamerudi karakana. Mawili yamepinda pembe wakati wa kupakua. Fundi anasema yanyooshwe kidogo tu, kwa kuwa mpindo umeyapa toni ambayo hayakuwa nayo. Nakubaliana naye.

Tumeitwa kwenye maonyesho ya sanaa ya miezi mitatu. Huo ni mwendo mwingine kabisa. Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, hudumu siku 100, na kazi za huko hutengenezwa kwa kujua kwamba kuna mtu wa zamu asubuhi hadi jioni, wiki baada ya wiki. Gundi haitavumilia hilo. Vitetemeshi vitafungwa kwa boliti, na vitakuwepo vya akiba. Programu itajizima usiku na kuandika joto la kila koili. Bamba la kuguswa litapakwa nta, maana jasho la vidole limeshaanza kuleta kutu ukingoni.

Waandalizi wapya wametutumia ramani ya ukumbi, vipimo vyote, hata aina ya sakafu. Nimewaandikia kuomba kwanza orodha ya kazi zitakazokuwa kwenye vyumba vya jirani, na saa zao.